Wasifu wa Marehemu Tushuke, Aliyemzua Malkia

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo ni kaka yangu wa pekee. Jina alilopewa na babu lipo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, lakini hata mkewe alikuwa halitumii, kwa hiyo na mimi nitamwita Tushuke kama mlivyomzoea. Tumechelewa kuanza. Yeye asingeona ubaya wowote.

Tushuke alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na wa mama yetu, aliyekuwa akifulia watu nguo kwa malipo. Tulikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la samaki. Ukishuka kwa miguu kidogo unafika kwenye kijito, na kijito kinapokunja kona kuna bwawa la maji safi lenye mawe bapa pembeni. Pale ndipo mama alipofulia na wanawake wenzake, na pale ndipo mimi na kaka tulipojifunza kuogelea, tukigombezwa kwa kuchafua maji. Mama anasema mwanawe alizaliwa wakati mkunga amekwisha kukata tamaa na kurudi kwao, na tangu siku hiyo hakuwahi kufika mahali kwa wakati.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1965. Alikuwa na kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwaka mmoja mwalimu alituambia tuandike insha juu ya likizo. Kaka aliandika jinsi yeye na baba walivyopanda mlima wenye theluji, na jinsi baba alivyoteleza akadakwa kwa kamba. Baba hakuwahi kuvuka maji kutoka kisiwani hapa hata mara moja. Mwalimu aliisoma insha ile darasa kwa darasa, likiwemo la kwangu. Mimi nilikuwa nimeandika ukweli, kwamba likizo nzima nilimsaidia mama kuanika shuka, nikapewa alama ya aibu na kuambiwa nikajifunze kwa kaka yangu. Nimestaafu ualimu sasa, na jambo hilo bado linaniudhi.

Alifika kidato cha pili. Mwaka 1975 baba alikatwa mkono na msumeno, fedha za ada zikakosekana, Tushuke akaacha shule bila kulalamika. Hilo nataka lisikike. Mtu aliyelalamikia chai kupoa hakulalamikia hilo hata siku moja.

Mwaka 1979 aliajiriwa bustanini katika hoteli ya ufukweni. Siku moja mwongoza watalii aliugua, basi limekwisha kujaa wageni, na meneja akamwona kijana mwenye ndoo ya kumwagilia maua akiwaeleza wageni wawili habari za popo. Akavalishwa shati la mtu mwingine na kusukumwa ndani ya basi. Hakurudi bustanini tena.

Matembezi yenyewe yalikuwa ya siku moja: mapango ya popo, mnara wa taa wa zamani, maporomoko ya maji, kisha mashua hadi kwenye fungu la mchanga, na kurudi hotelini kabla ya chakula cha jioni. Ndivyo ilivyoandikwa. Tushuke alikuwa hawezi kupita kitu bila kusimamisha gari. Akiona mti una umbo la ajabu, tushuke. Akiona bibi anauza nanasi, tushuke. Akiona ng'ombe amelala barabarani, tushuke tumwangalie. Dereva wake, aliye hapa leo na ambaye alimvumilia kwa muda mrefu kuliko sisi wote, anasema wapishi wa hoteli walikuwa wakisikia honi ya basi lile wanazima majiko kwa hasira, kwa sababu chakula kilikuwa kimepashwa moto hadi kimekauka.

Malkia alizaliwa mwaka 1983, msimu wa mvua. Barabara ya mapangoni ilikuwa imekatika, mnara umefunikwa na ukungu, na wageni wamenuna basi zima. Tushuke akasimamisha gari kwenye bwawa letu. Mgeni mmoja mwanamke akauliza hapa pana nini. Hapakuwa na kitu, palikuwa na mawe na sabuni. Kaka yangu akasema hapa ndipo alipokuwa akioga malkia wa kisiwa. Dereva anasema alimtazama kwenye kioo, na Tushuke hakupepesa jicho. Kufika hotelini malkia alikuwa na wajakazi, mchumba aliyepotea baharini, na wimbo aliouimba akichana nywele. Kesho yake wageni wengine wakataka kupelekwa kwa malkia, na meneja akaliongeza bwawa kwenye ubao wa safari.

Mama alimuuliza mezani, mbele yangu, malkia gani huyo, maana yeye amefua pale tangu aolewe na hajamwona. Kaka akasema ni wa zamani. Mama akasema, "Zamani nilikuwepo." Tukadhani yameishia hapo.

Tarehe 6 Septemba 1986 alimwoa wifi yangu, mwoka mikate wa hoteli ile ile. Uchumba wao ulikuwa wa kumpakia kiti cha nyuma cha basi siku zake za mapumziko, kwa hiyo binti wa watu alichumbiwa mbele ya wageni, dereva na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Wifi anasema alikubali kuolewa ili apate kukaa naye peke yake. Siku ya harusi, wakitoka kufunga ndoa, gari la maharusi lilipokaribia mnara wa taa bwana harusi akasema tushuke. Sisi tulisubiri ukumbini na vyakula vinapoa. Walipoingia hatimaye, bibi harusi alikuwa na mchanga mpaka magotini na anacheka, nikashindwa hata kugomba. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1994 hoteli ilipewa eneo la bwawa, ikalizungushia uzio. Pakapandwa maua, pakawekwa lango na mlinzi, na kibao kikubwa chenye habari za malkia, wajakazi, mchumba na wimbo. Wafuaji walionyeshwa bomba la umma ng'ambo ya kilima. Mama alikuwa mtu mzima tayari. Akawa anapanda kile kilima na beseni kichwani, anapanga foleni, anashuka na nguo mbichi, na mgongo ukaanza kumuuma. Hakumgombeza mwanawe. Aliacha kusema naye. Chakula cha kaka kilipitia kwangu, salamu zilipitia kwangu, na hata kikohozi cha kaka mama alikiulizia kupitia kwangu, wakiwa wamekaa chumba kimoja. Nilikuwa na watoto wa kuwafundisha na madaftari ya kusahihisha, na humo madaftarini nako malkia amejaa, kila mwanafunzi ananiandikia malkia. Nikikata kwa kalamu nyekundu, wazazi wanakuja kulalamika.

Ndipo Tushuke alipoamua kusema ukweli, na hapo tuliona cha mtema kuni. Alikwenda kwa meneja akakiri kwamba malkia alimtunga mwenyewe, ndani ya basi, kwa sababu ya mvua. Meneja akamwambia hilo walijue wao wawili. Akaenda ofisi inayoshughulikia mambo ya kale. Ofisa akamjibu kwamba habari za malkia zimekwisha kuthibitishwa na wazee, na mmoja wao ameapa kuwa nyanya yake alikuwa mjakazi aliyembebea taulo. Kaka aliambiwa kwa upole aache kuitukana historia ya kisiwa.

Akajaribu kwa wageni. Kila akifika langoni aliwaambia kwamba hapa hapakuwa na malkia, palikuwa na wanawake wanafua. Wageni waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Bwana mmoja alimshika bega akamwambia anaelewa kabisa, kuna mambo matakatifu yasiyosemwa mbele ya wageni. Siku hiyo kaka alikuja kwangu, akakaa kizingitini, akavua viatu na kuniambia: "Dada, nimedanganya nikaaminiwa. Sasa nasema kweli naonekana naficha kitu."

Nilimwambia anastahili. Sikumkaribisha hata maji, na sijutii, kwa sababu aliinuka pale akaenda moja kwa moja kwa mama.

Walichoongea sikijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi iliyofuata basi la hoteli, na wageni ndani, lilisimama mbele ya nyumba ya mama. Mama akapanda na beseni. Wakapanda na wafuaji wenzake, na mimi nikachukuliwa juujuu niwe shahidi, shule nikaikosa. Langoni mlinzi aliuliza hawa nao ni nani. Tushuke akasema ni wageni wake. Mlinzi alimtazama mama, ambaye alimfulia nepi alipokuwa mchanga, akafungua lango.

Mpango wa kaka ulikuwa wazi. Mama afue mbele ya wageni, kisha aseme kwa kinywa chake kwamba malkia hakuwepo, na mchezo uishe. Meneja alikuwa amekwisha kupigiwa simu na alifika akihema. Wanawake wamekunja magauni, sabuni inatoa povu, wageni wanapiga picha. Kaka akamwambia mama awaeleze wageni kama aliwahi kusikia habari za malkia huyu, na yeye atatafsiri.

Mama alikamua shuka polepole. Akamwangalia meneja, akaangalia kibao. Akasema, "Habari zake tunazo. Alikuwa mvivu, hakufua hata kitambaa. Lakini aliacha agizo: asubuhi maji ni ya wanaofua, yeye ataoga jua likishapanda."

Kaka yangu alisahau kutafsiri. Dereva ndiye aliyetafsiri. Wageni wakaanza kumuuliza meneja kwa nini agizo la malkia halimo kwenye kibao, na meneja angesema nini, aseme malkia ni uongo? Mbele ya lango lake na maua yake? Kabla mwaka haujaisha agizo lilikuwa limechorwa kwenye kibao, na mpaka leo lango halifungwi asubuhi. Wengi wenu hapa mmefua pale wiki hii.

Tushuke hakumsamehe mama kwa muda mrefu. Alikuwa amedhamiria kuwa mkweli, akaharibiwa siku yenyewe. Mimi, mwalimu, niliwakasirikia wote wawili.

Aliendelea na kazi mpaka alipostaafu Desemba 2018. Mwanzoni mwa 2023 miguu ilianza kumvimba. Wifi alimpeleka hospitali, daktari akamuuliza imevimba tangu lini, akajibu tangu jana. Ilikuwa miezi. Aliulizwa kama anachoka akipanda ngazi, akasema nyumba yake haina ngazi. Kila mlichosikia kwa simu kwamba yuko vizuri, kwamba ametoka kutembea, alikisema akiwa kitandani ameegemea mito. Watoto wake wanaofanya kazi mbali walimwamini kwa sababu alijua kueleza, aliwatajia mpaka ndege aliowaona njiani. Moyo ulipogundulika kuwa umechoka, ulikuwa umechoka sana. Nasema haya kwa uchungu, na nasema kwa wenye umri wake waliopo hapa: daktari si mtalii, mwambieni ilivyo.

Wiki zake za mwisho nilikuwa nakwenda wodini kila alasiri na tunagombana kila alasiri. Siku moja aliniambia wasifu wake niuandike mimi, kwa sababu wengine watampamba. Nikamuuliza nikifika kwa malkia nifanye nini.

"Sema ukweli," akasema.

"Hawataniamini."

"Najua. Wewe sema tu."

Basi nimesema. Namwona yule mzee wa taulo ananitikisia kichwa kutoka kiti cha pili.

Tushuke alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nane mchana. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Daktari alikuwa ametuambia hatafika wikiendi iliyopita, na yeye akafika, akaipita, akawakalisha watoto wake wote kitandani na kuwaeleza njia nzuri ya kurudi nyumbani, ambayo si fupi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, na wajukuu ambao wamekwisha kuanza kusimamisha magari. Ameacha dereva wake, ambaye tunamhesabu ndugu. Ameniacha mimi, mdogo wake, bila mtu wa kugombana naye alasiri. Na amemwacha mama yetu, ambaye asubuhi hii nilipomwambia avae, muda umekwenda, alisema hana haraka, bado hajamaliza kumgombeza mwanawe.

Mungu ampokee Tushuke hata akichelewa, amsamehe alivyoongeza chumvi, na ampe utulivu ambao sisi hakutupa.