Usukani na Kibuyu cha Samli

Bura aliupenda usukani wake wa ngozi kuliko alivyolipenda basi lake dogo la Koasta lenyewe, kwa hiyo abiria wa kiti cha mbele alipousema, alijiona amesemwa yeye.

"Dereva, ngozi hii imekauka mpaka inapasuka," alisema Mwalimu Yona, mgeni aliyehamishiwa Hanang juzijuzi. "Ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, halafu uipake mafuta yake ya dukani."

"Ya dukani!" akadakia Mama Oliva kutoka nyuma yao, amekumbatia kibuyu cha samli anachompelekea binti yake aliyejifungua Haydom. "Bibi yangu alivaa sketi ya ngozi mpaka uzeeni, na aliipaka samli tu."

Mwalimu akageuka. "Shikamoo mama. Lakini bibi hakuwa anakata kona. Samli inateleza."

"Marahaba. Alikuwa anacheza ngoma, mwanangu. Huko nako kuna kona."

Gari zima likacheka. Walibishana hivyo kutoka Gendabi mpaka Haydom, na hakuna aliyemuuliza Bura.

Walipofika stendi akazima gari. Mama Oliva akainama aukague usukani, macho yake yakaishia kwenye viganja vya dereva, vilivyopasuka kuliko hiyo ngozi.

"Kumbe mgonjwa ni huyu!" Akafungua kibuyu, akamsugua samli viganja vyote viwili.

"Sasa atashikaje usukani?" Mwalimu akauliza.

Bura alikuwa ameinua mikono kama padre altareni, huku abiria wakimgongea kioo wakidai mizigo yao.