Ikizimwa Haiwaki

Mshonaji alikuwa amepakata gauni la mteja, masikio ameyatega kwa mafundi wawili wa kompyuta waliokaa mbele yake kwenye treni. Hakuwa mmbea, alijiambia. Ni viti tu vilivyokaribiana.

"Kiini cha mfumo hakijui ukubwa wa flashi, ile chipu ya kuhifadhia data, dada," alinong'ona yule mwenye kipara. "Kinaamini maelezo tunayokiandikia. Mimi nikanakili maelezo ya mashine ya zamani, ambayo flashi yake ilikuwa kubwa mara mbili."

Mwenzake akashusha simu. "Ikijaa je?"

"Kiini kinadhani nafasi bado ipo. Kinaendelea kuandika, chipu inarudi mwanzo na kuandika juu ya yaliyomo, na maagizo ya kuwashia mashine yanafutika."

Hapo hata mshonaji alielewa: jamaa kakata kitambaa kwa vipimo vya mtu mwingine.

"Na hakuna aliyegundua?"

"Atagundua nani? Inafanya kazi vizuri mpaka izimwe. Ikizimwa haiwaki tena."

"Kaka, waambie wakubwa leo hii."

"Nikiwaambia nimekwisha. Wiki ijayo nitarekebisha kimyakimya."

"Wiki ijayo? Hizo mashine mmezifunga wapi?"

"Zinafungua milango ya treni."

"Treni zipi?"

Macho ya kipara yalipanda kwenye kiboksi kilichokuwa juu ya mlango, na ya mshonaji yakafuata. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Sauti ya dereva ikatoka kwenye spika, ya upole kabisa: "Abiria wetu, milango ina hitilafu ndogo. Tunazima mitambo yote, kisha tunawasha upya."

Mshonaji akafumbua mdomo, na taa zikazimika.