Tumbo Limeitiwa Kikao

Mnisamehe mapema: kisa hiki nitakisimulia vibaya, maana siku hiyo kijiwe kizima kilisema kwa pamoja na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Benchi ni lilelile, mbele ya duka la Fundi, mshona magauni. Kahawa ilikuwa ya moto, na Fundi peke yake ndiye hakugusa kikombe. Binti yake wa miaka tisa ana ugonjwa sugu wa utumbo. Dawa anameza, lakini kila asubuhi ya shule tumbo linamsokota, ndipo daktari akawaelekeza kwa mwanasaikolojia. Kesho yake ilikuwa miadi ya pili kwa huyo mwanasaikolojia, na Fundi hakujua aende au asiende.

— Saa nzima maneno tu, jamani! Fundi akalalamika. Hata kidonge kimoja hakutoa!

— Umepigwa mchana kweupe, akasema Kinyozi. Mimi nikiumwa jino, nimwendee fundi baiskeli?

— Utumbo ni bomba, akadakia Mzee Koki, fundi bomba mstaafu. Nimezibua mabomba miaka thelathini, sijabembeleza hata moja.

— Hamjui kitu nyie! Redio, anayejua habari kabla hazijatokea, akasimama. Tumbo lina akili zake, kichwa kina zake. Wamenuniana! Waitiwe kikao, kila mmoja atoe dukuduku lake.

— Na mwenyekiti nani?

— Ini. Halina upande.

— Ini? Ukuta kwa ukuta na tumbo, lisipendelee?

— Basi liwe goti, lipo mbali!

— Hebu komeni! Fundi akalipiga benchi kofi, vikombe vikaruka. Mwanangu amekosa shule siku kumi na mbili mwezi huu, nyie mnagombania uenyekiti!

Hapo alikuwa ameshafika dada mmoja, mteja, amefuata gauni lake. Alisikiliza mkono kiunoni.

— Samahani, kaka. Huyo mtaalamu aliwaambia mkafanye nini nyumbani?

Kinyozi akachungulia kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Wote wakamgeukia Fundi.

— Mtoto anasema alifundishwa kupumua taratibu, maumivu yakianza. Na mzazi naye alipewa kazi yake.

— Kazi gani?

— Hiyo sikuisikia. Nilikuwa nje.

— Saa nzima? Nje ulikuwa unafanya nini?

Fundi akajikuna kisogo, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

— Nilikuwa nawapigia hawa simu, wanishauri.