Mafuta ya Upako Yalihamia Kiganjani

Bwana asifiwe! Ninyi wa karibu na mlango sijawasikia. Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, nitazameni usoni. Tazameni tu, leo siogopi! Mimi Esperansi wa mtaa wa Hallonbergen, huku ughaibuni, kabla sijamaliza shule, uso huu ulijaa chunusi za usaha, hata kulalia shavu nilishindwa. Kwenye treni nilijifunika skafu, hata kiangazi! Na mimi niliyekuwa naanzisha nyimbo za kwaya, nikaenda kujificha nyuma ya kaka zetu wa besi.

Mama akanipeleka kwa akina mama wa maombi. Kila Jumamosi walinipaka mafuta ya zeituni uso mzima, nisinawe hadi asubuhi, upako usipotee. Walinipenda sana! Lakini chunusi zilizidi, na minong'ono ikaanza kwamba nimeficha dhambi. Hapo nililia, ndugu zangu. Mchungaji aliponiomba nianzishe wimbo wa Pasaka, nilikataa.

Ndipo Dada Wanjiru, muuguzi wa kule mtaa wa Farsta, akanishika mkono. "Twende vårdcentralen, kituo cha afya, mrembo. Maombi tutaendelea nayo, lakini hii iko na dawa."

Daktari alinieleza vizuri. Ngozi ya kijana hutoa mafuta mengi, vitundu vyake vinaziba, vijidudu vinazaliana humo. Si uchafu, si dhambi! Akauliza ninapaka nini. Nilipomwambia, akasema mafuta hayo niyaache, nisitumbue, nipake dawa kila jioni na nivumilie miezi.

Sasa nani awaambie akina mama? Mama yangu alikasirika: "Unakataa upako?" Hata hivyo, Jumamosi nikasimama nikasema yote. Kisha Mama Furaha, kiongozi wao, akacheka. "Mungu hakusema lazima uso. Lete kiganja, mwanangu."

Tangu siku ile wakanipaka kiganjani, na dawa nikapaka usoni. Haleluya! Pasaka hiyo niliimba nikiwa bado na chunusi, bila skafu. Iliyofuata niliimba zikiwa zimekwisha. Makovu haya nimebaki nayo, na najivunia.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru mama, ambaye sasa ndiye anayewasindikiza mabinti zenu kituo cha afya. Na wewe binti uliyejifunika skafu pale nyuma, mtumaini Mungu, usione haya. Kesho twende wote kwa daktari. Leo njoo mbele, tukuombee. Lete kiganja.