Mvua Hii Siyo

Wekeni majembe chini, wanangu, mje ndani wote watatu, mlango muuegeshe, mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nimeyasikia matone juu ya paa kama mlivyoyasikia ninyi, nikasikia na vicheko vyenu, na kicheko cha mtu mwenye njaa kinanitisha kuliko kilio chake. Nimemsikia Alfani akimwambia mdogo wake atafute kikapu cha kupandia. Mvua hii siyo. Nasema tena, na hapo nimekwisha kuvunja ahadi yangu: mvua hii siyo.

Naogopa. Mimi niliyepita katika vita hivi, nikaona watu walivyotundikwa pale bomani Songea, nikaona vihenge vyetu vikichomwa kimoja baada ya kingine na mahindi yakipasukia motoni kama bunduki, sikuogopa kama ninavyoyaogopa matone haya. Moto ule ulikula chakula. Matone haya yakiwadanganya yatakula mbegu, na mbegu ikiisha hakuna wa kumpigia hodi, kwa sababu kutoka hapa Mshangano hadi Peramiho sijui nyumba yenye kibaba cha ulezi, na wale wanaotembea barabarani kutafuta mizizi tunawakuta wamelala pembeni, wala hatuulizi tena kama wamelala.

Unasema nini, Alfani? Kwamba tangazo la boma limeamuru tusie mbegu mara mvua ya kwanza itakaponyesha, na asiyefanya hivyo atachapwa viboko? Nalijua tangazo hilo, baba. Lilipigwa muhuri, akida akalisoma mbele ya watu ambao nusu yao walikuwa wanatazama kama mkono wake mwingine umeshika chakula. Bwana mkubwa ana kikopo chake cha bati juu ya kigingi, na askari mwenye bunduki anakilinda, nadhani asije mtu akainywa mvua ya Kaisari. Kikopo kile hakina kosa, kinapima vizuri sana mvua iliyokwisha kunyesha. Ile itakayokuja hakijaijua, na ndiyo ninayoitaka mimi. Wewe Fidelisi mapadri walikufundisha kusoma, wakakupa na jina ambalo mama yako alikufa hajaweza kulitamka. Kalisome tangazo, uniambie kama mvua nayo imetia saini.

Sasa shikeni ninayowaambia. Mvua ya uongo hutoka mashariki, vumbi likitangulia mbele yake, ina makelele mengi, inalowesha ngozi ya ardhi, mche unatoka na majani yake mawili, kisha jua linarudi na kumaliza kazi. Ya kweli hutoka magharibi, upande wa ziwa, jioni, bila haraka, inaendelea mpaka mtu anachoka kuisikiliza. Mvua hiyo ikinyesha, nendeni mteremkoni, mchimbe, mzamishe mkono udongoni hadi kwenye kiwiko. Unyevu ukiwa bado unavifuata vidole, sieni. Kama vidole vimegusa ukavu, rudini nyumbani mkachemshe mizizi, hata kama majirani wote wanasia na kuwaita wavivu. Na mwaka huu itachelewa. Miombo imechelewa kuchipua, mmeona wenyewe, na majani yake bado yana wekundu wa kitoto. Nyuki nao wameacha mzinga wangu wakahamia bondeni. Itachelewa, na ikija haitakaa sana. Kwa hiyo msiniambie habari ya mahindi mteremkoni. Mteremkoni ni ulezi mtupu. Mahindi yale machache yaende bondeni karibu na mto Luhira, kwenye vinyungu, yale matuta ya ardhi yenye maji, ambako hata mvua ikikatika mapema ardhi inahifadhi maji chini.

Hilo bonde ni la Mwanne, dada yenu. Msinikunjie nyuso. Yeye ndiye aliyelilima wakati ninyi mlikuwa mnajipaka dawa ya vita. Mteremko ni wa Alfani. Mbuzi ni wa Fidelisi, na mbuzi huyo, mwanangu, ana mimba niliyoipanga mimi, nilipomfunga dume mbali mpaka majira niliyoyataka, ili azae wakati majani yamekomaa na maziwa yawepo. Usimchinje. Najua unavyomtazama. Na majani haya machanga yatakayochipua kwa mvua hii ya uongo usimwachie ayale, yatamharisha mpaka atoe mimba. Mfunge, umkatie matawi. Ndama wake akiwa jike, ni ng'ombe wenu wa kesho... nasema ndama? Mtoto wake. Mnaona, akili inaanza kunitoka.

Nipe maji, Mwanne. Basi, yatosha.

Viboko. Nanyi mnaviogopa, na mimi naviogopea migongo yenu, kwani mgongo usio na nyama hauvumilii kiboko. Basi fanyeni hivi. Pale uwanja wetu wa zamani wa kupuria kuna makapi ya ulezi, yamechanganyika na majivu, hata kuku wangeyakataa kama tungekuwa na kuku. Yachukueni. Kesho asubuhi, jumbe akipita, mkutwe mteremkoni mmejipanga, mkisia makapi hayo kwa mikono mikunjufu, na mwimbe. Jumbe ataona mikono inapanda na kushuka, atampelekea akida habari, akida atampelekea bwana mkubwa, na bwana mkubwa ataandika kwamba watu wa Mshangano ni watiifu. Serikali itakuwa imepata utii wake, nanyi mtakuwa mmebaki na mbegu.

Jumbe mwenyewe ni Bakili. Mnajua mambo yangu na Bakili. Alipokuja yule mtu wa dawa ya maji, Bakili alikuwa wa kwanza kunywa, alikunywa mpaka tumbo likalia, na mimi niliposema tutayarishe mashamba kwanza, kwa kuwa msimu haungojei vita, alinicheka hadharani akaniita, mimi mwanamume, bibi kizee anayezungumza na mawingu. Wote wakamfuata, majembe yakalala, mvua njema ikanyesha juu ya magugu. Leo huyo huyo anapiga saluti hadi vumbi linaruka. Nimemchukia vya kutosha, ninyi msinirithi katika hilo. Watoto wake watasia mbegu za kweli kesho, kwa amri ya baba yao, na zitakufa. Mkivuna, mpelekeeni mbegu. Shauri lake msilichukue hata kidogo, lakini mbegu mpelekeeni.

Nisogezeni. Inueni mkeka. Hapa chini ya mbavu zangu ndipo kilipo chungu, nimekilalia tangu askari walipopekua mara ya mwisho, wakaniona mzee anayenuka, wakatoka. Ndani mna ulezi, na mahindi juu yake, mdomo umezibwa kwa nta. Na sasa nawaambia linalonitisha hasa. Siwaogopi askari. Nawaogopa ninyi. Nikishafumba macho, mtoto wa Alfani atalia usiku mmoja, usiku wa pili hatalia kwa kuwa hana nguvu, na baba yake atakuja hapa na kisu akwangue nta. Simlaumu. Mimi mwenyewe, wanangu, nimeshaweka ukucha juu ya nta hiyo.

Kwa hiyo mtanizika nacho. Chimbeni mwanandani pana, chungu kikae kifuani pangu, mikono yangu ikikumbatie. Askari hawafukui kaburi bichi, si kwa heshima, ni kwa harufu. Nanyi njaa itawapeleka mahali pengi, lakini haitawapeleka na jembe juu ya baba yenu. Hamtaweza. Nawafahamu, niliwalea mimi. Ila mvua ya kweli ikija, Mwanne atazamisha mkono wake, na akisema ndiyo, siku hiyo si kosa, ni ruhusa yangu, nimeitoa mbele yenu nyote. Akisema bado, ni bado, hata kama ni mwanamke, hata kama Alfani ana mtoto mikononi. Itikieni. Nataka kusikia sauti tatu.

Mbili. Alfani, baba yangu, nakungoja.

Haya. Mungu akubariki, ilikuwa nzito hiyo. Mungu awabariki wote, mkono wenu usikauke, mbuzi wenu asizae mfu, mteremko uwe... uwe kijani mpaka juu. Nilazeni. Hapana, mkeka uacheni, nataka kukigusa.

Nyamazeni kidogo. Sikilizeni paa.

Mnasikia? Imekatika. Hata vumbi haijalilaza.

Ile nyingine ikija, sitaisikia. Mje mnifungue... na msije mnalia. Mje na majembe.