Jacomina Minderhoud, Aliyeuliza Kila Namba Imetoka Wapi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Leunis, kitinda mimba wa nyumba yetu, nawasomea maisha ya dada yangu Jacomina Minderhoud, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Krabbendorp, Zeeland, nyuma ya tuta linalozuia bahari, akasoma shule ya kijiji, kisha chuo cha ufundi Vlissingen, alikohitimu Juni 1979.

Mwaka 1980 aliajiriwa na ofisi ya maji, na baadaye akakabidhiwa vihisi, vile vifaa vilivyofukiwa tutani kupima maji yanayopenya udongo, na kwa kila namba aliandika imetoka kihisi kipi, nani alikifunga, lini kilisafishwa, hadi wenzake wakamtania, "Mina, hata supu ya njegere utaiuliza wazazi wake?" naye akajibu, "Nitaiuliza, ya jana ilikuwa na mchanga."

Tarehe 2 Juni 1984 aliolewa na shemeji yetu Adriaan, wakajaliwa binti mmoja, Pieternel.

Tarehe 14 Januari 2015, siku ya dhoruba, vihisi vitano vilionyesha tuta ni salama, cha sita kikaonyesha maji yanapanda, mkuu wake akataka hicho kifutwe kwa kuwa ni kibovu, lakini dada akafungua kumbukumbu zake, akakuta vinne kati ya vile vitano vilikufa zamani, na nafasi zao zilijazwa namba za jirani yao wa tano, aliyebaki hai, ili jedwali lisiwe na matundu, maana huku kwetu jedwali lenye matundu ni aibu kuliko dirisha chafu, na jina la aliyejaza, kisha akasahau, lilikuwa lake.

Angeweza kunyamaza, lakini alisimama mbele ya wote akasema, "Nilijaza mimi. Hao si mashahidi watano, ni mmoja. Msikilizeni huyu wa sita." Tulihamishwa asubuhi ile ile, na saa nane mchana tuta likakatika, maji yakafika madirishani, asife mtu.

Alistaafu 2020, akagundulika na saratani Aprili 2023, akafariki nyumbani kwake tarehe 21 Oktoba 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliovumilia kuulizwa damu imetolewa mkono upi, majirani kwa vyakula, na wafanyakazi wenzake waliokataa afukuzwe kazi.

Dada, ile aibu uliikubali mchana kweupe, na wanangu watatu wameketi benchi la mbele, wazima. Asante, Mina. Upumzike kwa amani.