Bi Samawati na Viganja Alivyovianika Juani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kuchapia ramani, Bi Samawati anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya kucha zake za buluu, ambazo zimeishinda kila sabuni.

Alianza kazi enzi za jua. Karatasi ilipakwa dawa gizani, ikalazwa chini ya mchoro, ikaanikwa paani, kisha ikaoshwa kwa maji. Palipozibwa na wino pakabaki peupe, kwingine kote kukawa buluu. Mashine ya kuchapa ilipofika, wakubwa walidhani mama wa watu atakosa kazi. Hawakumjua. Dawa ilikuwa imebaki madebe mawili, na ofisini ugomvi haujawahi kuadimika.

Hapo akatunga sheria yake. Wawili wakinuniana, aliwapandisha paani walaze viganja kwenye karatasi moja yenye dawa, vidole vikigusana, dakika kumi bila kutikisika. Atakayeondoa mkono kwanza ndiye mwenye makosa. Mimi mchoraji na mpima ardhi tulipelekwa baada ya kununiana mwaka mzima kwa sababu ya ngazi tuliyoichora ikaishia ukutani. Dakika ya sita akakiri kwamba vipimo vilikuwa vyake. Nilishtuka, na picha ikatoka nina vidole saba. Bi Samawati aliitupa, akaturudisha juani. Picha iliyotikisika hakuipokea, hata ya mkurugenzi.

Lakini mganga hajigangi. Mdogo wake wa tumbo moja ndiye mpokea simu wetu, na kwa miaka tisa hawakusemezana. Waligombania cherehani ya marehemu mama yao, ilhali hakuna kati yao anayejua kushona. Sisi ndio tuliopandisha na kushusha salamu zao kwenye ngazi, na zingine hazikuwa salamu. Ilituuma kwamba aliyetupatanisha sote angeondoka hivi hivi.

Jumanne iliyopita tukawapandisha wote wawili. Mdogo alidai amefuata upepo tu. Viganja vikalazwa, wingu likaziba jua. Dakika kumi zikawa arobaini na tano, na hakuna aliyekubali kuondoa mkono kwanza. Tuliwaacha, tukashuka kufanya kazi. Tuliporudi tuliwakuta wanalia na kucheka, wanabishana nani alikuwa kipenzi cha mama.

Picha ilitoka mbovu kabisa, weupe uliovurugika, hujui mkono upi ni wa nani. Bi Samawati aliitazama, kisha akatuuliza fremu zinauzwa wapi.

Bi Samawati, asante kwa kila ramani na kila ugomvi uliouanika. Ukapumzike kwa afya na raha tele. Mdogo wako amejaza fomu ya kuomba kutoka mapema Ijumaa. Kwenye nafasi ya sababu ameandika: namrudisha dada nyumbani.